George Washington Carver: Msomi aliyeifanya kazi ya shamba kuwa ibada

JINA la George Washington Carver limefungamana na njugu karanga. Nchini Marekani, watoto wa shule wamefundishwa kwa vizazi kadhaa kwamba huyu ndiye mtu aliyetengeneza bidhaa zipatazo mia tatu kutokana na zao hilo. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imelifunika jambo lililo kubwa zaidi katika maisha yake.

Mwanamume huyu alizaliwa utumwani, akafua nguo za watu ili apate kusoma, kisha akafundisha kilimo katika chuo kimoja cha jimbo la Alabama kwa miaka 46. Katika safari hiyo yote aliamini kwamba hakuna kazi halali iliyo duni mno kufanywa kwa ajili ya Mungu. Kwake yeye, kupika, kushona, kuchunguza udongo na kusali hazikuwa shughuli mbalimbali.

Imani hiyo ilimpa nguvu na kumletea sifa. Aidha, ilimtia katika mivutano na mkuu wake wa kazi, na wanasayansi, na hata na baadhi ya Wamarekani weusi walioona kwamba unyenyekevu wake uliwafaa zaidi wakandamizaji.

Mtoto wa mtumwa

Carver alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, mnamo mwaka wa 1864 au karibu na hapo. Tarehe kamili haijulikani, kwa kuwa kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuhesabiwa kuwa tukio la kuwekewa kumbukumbu. Mamake, Mary, alikuwa amenunuliwa mwaka wa 1855 na mkulima mzungu aliyeitwa Moses Carver. Babake anadhaniwa kuwa mtumwa wa shamba jirani aliyefariki katika ajali kabla ya mwanawe kumjua.

Siku hizo majimbo ya kaskazini na ya kusini yalikuwa yakipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Missouri ilikuwa mpakani. Magenge yenye silaha yalivamia mashamba, yakapora mifugo na kuteka watumwa ili kuwauza. Genge moja lilimteka Mary pamoja na mtoto wake mchanga na kukimbilia Arkansas.

Moses Carver alimtuma mtu kuwafuatilia. Mjumbe huyo alirejea na mtoto peke yake, akiwa mahututi, na akapewa farasi kama ujira. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipofutwa Missouri mwaka wa 1865, Moses na mkewe Susan, ambao hawakuwa na watoto wao, waliendelea kumlea George na kakake Jim. Jim alikuwa na nguvu, akaandamana na Moses shambani. George alikuwa dhaifu wa mwili na kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na kifaduro. Kwa hiyo akabaki nyumbani kumsaidia Susan.

Huko jikoni ndiko elimu yake ilikoanzia. Alijifunza kupika, kufua, kupiga pasi, kushona na kufuma, kazi ambazo vijana wengi wa kiume wa wakati huo wangeona haya kuzifanya. Yeye hakuona haya. Kazi hizo ndizo zilizomlisha kwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, na hadi uzeeni aliendelea kufuma kwa mikono yake.

Alipomaliza shughuli za nyumbani aliingia msituni. Alikuwa na kibustani alichokificha kati ya miti, ambamo alitunza maua na miche iliyodhoofika hadi ikapona. Majirani walianza kumletea mimea yao iliyougua, na wakamwita daktari wa mimea angali mtoto.

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi, mvulana mzungu wa jirani alimweleza kuhusu shule ya Jumapili na jinsi watu wanavyosali. George alikuwa na kazi ya kupukuchua mahindi katika dari ya banda. Alipanda huko, akapiga magoti kando ya pipa la mahindi, na akasali kadiri alivyojua. Hakuwa na kanisa wala mchungaji. Tangu siku hiyo hakuacha kusali, na tangu siku hiyo sala na kazi zilikaa pamoja maishani mwake.

Kufua ili kusoma

Shule ya kijijini ilikuwa ya wazungu pekee. Akiwa na umri wa miaka kumi na mbili hivi, George alitoka nyumbani kwa miguu akaelekea mji wa Neosho, uliokuwa na shule ya watoto weusi. Huko alipokewa na Andrew na Mariah Watkins, mume na mke weusi wasiokuwa na watoto.

Mariah alikuwa mkunga na dobi. Alimpa kijana huyo malazi, naye akamsaidia kufua nguo za wateja kabla na baada ya masomo. Mama huyo alijua dawa za mitishamba na alikuwa mcha Mungu. Alimpa Biblia ambayo Carver aliihifadhi maisha yake yote, na akamsihi asome kwa bidii kisha akawarudishie watu wake alichojifunza. Agizo hilo alilibeba kama deni.

Kutoka hapo alihamahama katika miji ya Kansas, akipika katika nyumba za watu na kufua nguo ili apate karo. Mjini Fort Scott, mnamo Machi mwaka wa 1879, alishuhudia umati wa wazungu ukimuua mtu mweusi na kuuchoma mwili wake. Aliukimbia mji huo.

Alipomaliza masomo ya sekondari aliomba nafasi katika chuo kimoja cha Kansas kwa njia ya barua, akakubaliwa. Alipofika na wakuu wa chuo kuiona rangi yake, walimfukuza langoni. Kwa muda aliyaacha matumaini ya elimu ya juu. Mwaka wa 1886 alichukua ardhi katika wilaya ya Ness, akajijengea nyumba ya mabonge ya udongo yenye nyasi, na akalima kwa jembe la mkono katika nyanda kame.

Baadaye alikwenda jimbo la Iowa. Mwaka wa 1890 alipokewa katika Chuo cha Simpson, mjini Indianola, kusomea uchoraji na muziki. Aliishi katika kibanda kitupu, akanunua beseni na sabuni kwa mkopo, na akawafulia wanafunzi wenzake. Waliomletea nguo walikaa kuzungumza naye huku akifua, na kwa njia hiyo dobi huyo akapata marafiki wengi.

Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona kipawa chake cha kuchora mimea. Hata hivyo, alijua kwamba mtu mweusi angepata taabu kujikimu kwa uchoraji. Babake alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha Iowa kilichoko Ames, na akamshauri Carver ahamie huko.

Ushauri huo haukuwa mwepesi kuumeza. Carver aliupenda uchoraji kuliko kitu kingine, na mwaka wa 1893 mchoro wake mmoja ulitambuliwa katika maonyesho makuu ya dunia mjini Chicago. Lakini alilikumbuka agizo la Mariah. Wakulima weusi wa kusini walihitaji mtu wa kuwafundisha kulisha familia zao, na aliamini kwamba huko ndiko Mungu alikomtaka.

Mwaka wa 1891 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo hicho. Mwanzoni alilazimishwa kula katika chumba cha chini pamoja na vibarua wa shambani. Alivumilia, akahitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1894, na akaajiriwa kufundisha hapo hapo. Mwaka wa 1896 alipata shahada ya uzamili, akiwa amebobea katika kuvu wanaoshambulia mimea.

Udongo uliochoka

Mwaka huo huo alipokea mwaliko kutoka kwa Booker T. Washington, aliyekuwa mtumwa naye utotoni, na ambaye sasa aliongoza chuo cha watu weusi cha Tuskegee, Alabama. Carver angebaki Iowa na kuishi maisha ya utafiti yenye starehe. Badala yake alipanda gari moshi na kuwasili Tuskegee mnamo Oktoba.

Alichokikuta kilimsikitisha. Vilima vilikuwa vimemomonyoka, na udongo ulikuwa umepauka baada ya kupandwa pamba mwaka baada ya mwaka. Wakulima weusi wengi hawakuwa na ardhi. Walilima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno, wakakopa mbegu na chakula dukani, na mwisho wa msimu deni likameza pamba yote. Kwa kuwa aliyewakopesha aliitaka pamba, waliipanda hadi mlangoni pa nyumba, na hawakubaki na mahali pa kupanda mboga.

Chuo hakikuwa na maabara. Carver aliwachukua wanafunzi wake wakapita katika majalala kuokota chupa, mitungi, sufuria zilizotoboka na vipande vya waya, na kwa takataka hizo wakaunda vifaa vya uchunguzi. Kwake hilo lilikuwa somo la dini sawa na lilivyokuwa la sayansi. Aliamini kwamba Muumba hakuumba kitu cha kutupwa, na kwamba uharibifu ni dhambi ya kutojua.

Mwaka wa 1897 serikali ya jimbo ilianzisha kituo cha utafiti wa kilimo chuoni hapo na kukitengea dola 1,500 kwa mwaka, fedha zilizokuwa kidogo mno. Kwa hivyo Carver alitafuta mbinu ambazo hata maskini angezimudu. Badala ya mbolea ya dukani alitumia majani yaliyooza, matope ya kinamasi na samadi. Kisha akapanda kunde, viazi vitamu na baadaye njugu karanga.

Siri ya kunde na karanga iko mizizini. Mimea ya jamii hiyo huwa na vifundo vidogo ambamo bakteria huishi, na bakteria hao hunasa naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mabaki ya mimea hiyo yakifukiwa, udongo uliochoshwa na pamba hurejeshewa sehemu ya rutuba yake. Wakati huo huo, familia inapata mlo wenye protini. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo. Carver alilifikisha kwa mtu asiyejua kusoma.

Ili kufanya hivyo, aliandika vijarida 44 kwa lugha nyepesi, na ndani yake mlikuwa maelezo ya kupanda, kupika na kuhifadhi mazao. Kijarida chake kuhusu njugu karanga, kilichotolewa mwaka wa 1916, kilikuwa na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Aliwafundisha wanawake kukausha viazi, na akawaonyesha watu jinsi ya kupata rangi ya kupaka nyumba na makanisa yao kutoka kwa udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukikanyagwa barabarani.

Mwaka wa 1906 chuo kilianzisha gari la kukokotwa na nyumbu lililosheheni majembe ya kisasa, mbegu na vyombo vya kusindikia maziwa. Liliitwa gari la Jesup kwa heshima ya mfadhili Morris Jesup, nalo lilipita kijiji kwa kijiji likiwafuata wakulima ambao hawangeweza kufika chuoni.

Alfajiri msituni

Carver aliamka saa kumi alfajiri kila siku. Aliingia msituni kabla ya jua kuchomoza, akatembea polepole akisali na kukusanya majani, kuvu na mawe. Aliamini kwamba maumbile ni sauti ambayo Mungu huitumia kusema na binadamu, mradi binadamu anyamaze na kutazama. Kisha alirudi na mkoba wake, akavaa aproni na kuanza kazi. Chumba cha maabara yake alikiita karakana ndogo ya Mungu.

Hakuoa wala hakuwa na nyumba yake. Aliishi katika bweni la chuo na kuvaa koti moja kuukuu miaka nenda miaka rudi, ingawa kila asubuhi alichomeka ua bichi kifuani. Nyongeza za mshahara hakuzijali.

Mwaka wa 1907 baadhi ya wanafunzi walimwomba awafundishe Biblia siku za Jumapili. Kundi hilo dogo lilikua hadi likajaza ukumbi, na darasa likadumu kwa takriban miaka thelathini bila kulazimisha mtu yeyote kuhudhuria. Carver aliingia na mmea au jiwe mkononi na kuanzia hapo. Wengi wa vijana hao walikuwa wakijiandaa kuwa walimu, mafundi na wakulima, na alitaka waende kazini wakijua kwamba kufanya jambo la kawaida kwa ubora usio wa kawaida ni njia ya kumtumikia Mungu na jirani.

Mivutano

Hata hivyo, mtu huyu hakuwa malaika. Booker T. Washington alikuwa kiongozi aliyedai hesabu sahihi na ratiba kufuatwa, ilhali Carver alikuwa hodari wa kuwaza na mzembe wa kusimamia. Alikabidhiwa mradi wa kuku, na kuku wengi wakafa au wakapotea. Mwaka wa 1904 ilibainika kwamba taarifa zilizotolewa kuhusu kuku hao hazikuwa za kweli.

Kwa miaka kadhaa wawili hao waliandikiana barua za lawama. Carver alitishia kujiuzulu mara nyingi, akilalamika kwamba kazi ya usimamizi ilimnyima nafasi ya utafiti. Washington naye alimweleza waziwazi upungufu wake, ingawa alikiri kwamba hakuwa na mwalimu wa kumfananisha naye katika kuwaamsha wanafunzi. Kiongozi huyo alipofariki Novemba mwaka wa 1915, Carver alihuzunika sana.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na kila anayesema kuwa kazi yake ni wito. Carver aliitukuza kazi aliyoipenda, lakini alishindwa kuipa heshima ile ile kazi ya daftari na banda la kuku. Sala zake za alfajiri hazikuwahesabu kuku.

Sifa na shaka

Wakati huo fukusi wa pamba, mdudu anayetoboa vitumba vya zao hilo, alikuwa akisambaa kusini mwa Marekani baada ya kuingia Texas kutoka Mexico katika miaka ya 1890. Alipofika Alabama mnamo mwaka wa 1910, wakulima wengi walipoteza mavuno na kulazimika kutafuta zao jingine. Njugu karanga zikapata soko. Mabadiliko hayo hayakuletwa na Carver peke yake, lakini alikuwa ameyahubiri kwa muda mrefu.

Mnamo Januari mwaka wa 1921, wazalishaji wa karanga walimpeleka mbele ya kamati ya Bunge la Wawakilishi mjini Washington ili atetee ushuru dhidi ya karanga za kigeni. Alipewa dakika kumi, na mmoja wa wabunge akamtupia mzaha wa kibaguzi. Carver hakujibu kwa hasira. Alitoa maziwa, unga na rangi zilizotokana na karanga, akaeleza kwamba sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inaonyesha Mungu alikusudia mimea iwe chakula, na akawavutia wasikilizaji hadi wakamwongezea muda. Sheria ya mwaka wa 1922 iliziwekea karanga ushuru huo.

Umaarufu ulikuja kwa kasi. Mwaka wa 1923 alitunukiwa nishani ya Spingarn, tuzo ya heshima kubwa miongoni mwa Wamarekani weusi. Lakini Novemba mwaka wa 1924, akihutubu katika kanisa moja mjini New York, alieleza kwamba haingii na vitabu katika maabara yake, na kwamba njia za kufuata hufunuliwa na Mungu. Gazeti la New York Times lilimshambulia kwa tahariri, likidai kwamba mwanasayansi wa kweli hasemi maneno ya aina hiyo.

Carver aliumia. Aliandika barua ndefu akiorodhesha wataalamu aliowasoma, na akafafanua kwamba ufunuo hauondoi haja ya maarifa. Kwa maoni yake, mtu husoma na kujiandaa kwanza, kisha nuru humjia akiwa kazini.

Wakosoaji wake walikuwa na hoja ambayo wakati umeithibitisha kwa sehemu. Carver hakuacha kumbukumbu za kutosha za majaribio yake, na bidhaa nyingi katika orodha ile ndefu zilifanana au hazikuwahi kufika sokoni. Siagi ya karanga, ambayo wengi humsifu kwayo, haikuvumbuliwa na yeye. Alisajili hataza tatu tu, zote katika miaka ya 1920, nazo zilihusu rangi na vipodozi. Katika miaka ya 1930, mafuta ya karanga aliyowakanda watu waliopooza kwa polio yaliwajaza wengi matumaini, lakini haikuthibitishwa kwamba yaliponya ugonjwa huo.

Orodha hiyo ikiwekwa kando, bado kuna shamba lililorudishiwa rutuba, mama aliyejua kuhifadhi viazi hadi msimu wa njaa, na mwanafunzi aliyejifunza kutengeneza kifaa kwa chupa iliyotupwa. Hayo hayakumletea Carver vichwa vya habari, lakini ndiyo yaliyotimiza agizo la Mariah Watkins.

Lawama nyingine ilihusu siasa. Carver alisafiri kwa magari moshi yaliyowatenga weusi, akahutubia vijana wazungu katika vyuo vyao na kupata marafiki wengi miongoni mwao, lakini hakuishutumu hadharani sheria ya ubaguzi kama walivyofanya wanaharakati wa wakati wake. Wapo waliohisi kwamba watawala wa kusini walimpenda kwa sababu hiyo hasa. Watetezi wake walijibu kwamba kila mzungu aliyeketi kumsikiliza mtoto wa mtumwa akifundisha sayansi alikuwa tayari ameanza kubadilika.

Kivuli chake Kabete

Mjadala huo ulifika hadi Kenya. Mwaka wa 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa msomi Mwafrika James Aggrey kutoka nchi ambayo sasa ni Ghana, ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Tume hiyo ilipendekeza mfumo uliotumika Tuskegee, wa kuunganisha darasa na kazi za mikono.

Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu walifundishwa humo pamoja na wake zao mambo ya kilimo, afya na ufundi ili wakavisaidie vijiji. Mwaka wa 1961 mahali hapo pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, na baadaye Kenya School of Government.

Waafrika wengi wa enzi ya ukoloni waliutilia shaka mfumo huo. Waliona kwamba serikali iliyosifu jembe mbele ya Mwafrika huku ikimnyima elimu ya juu ilitaka kumfanya kibarua wa milele. Shaka yao ilikuwa na msingi. Lakini Carver mwenyewe hakuwahi kuchagua kati ya jembe na kitabu. Alivishika vyote viwili, na alivipata kwa kufukuzwa langoni na kurudi tena kugonga mlango mwingine. Heshima ya kazi aliyoihubiri ilikuwa ya mtu aliyeichagua kazi yake, na haikufanana na utii wa mtu aliyelazimishwa.

Siku za mwisho

Uzeeni Carver alidhoofika, na rafiki yake Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, akamwekea lifti katika jengo alimoishi ili asipande ngazi. Mwaka wa 1940 alianzisha wakfu wa kuendeleza utafiti wa kilimo, na jumla ya takriban dola 60,000, akiba ya maisha yake yote, zikaenda huko. Mtu aliyevaa koti kuukuu alikuwa ameweka fedha hizo kwa ajili ya watu ambao hangewahi kuwaona.

Chuo kilimtengea pia jumba la makumbusho, lililozinduliwa rasmi mwaka wa 1941, ili kuhifadhi michoro yake, nyuzi alizofuma na bidhaa zake za karanga. Jengo lililochaguliwa lilikuwa limejengwa mwaka wa 1915 kama nyumba ya kufulia nguo za chuo.

George Washington Carver aliaga dunia mnamo Januari 5, 1943, na akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington, mkuu ambaye waligombana naye kwa muda mrefu. Mwezi Julai mwaka huo serikali ya Marekani iliamuru shamba alikozaliwa kule Diamond lihifadhiwe kama eneo la kumbukumbu ya kitaifa, heshima ambayo hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amepewa kabla yake. Mtoto ambaye siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote sasa ana mahali panapotunzwa na taifa zima, na wageni wanaofika huko huonyeshwa msitu alikotunza miche yake.